Mwaga hayo maji ya moto kabla mama hajatia mguu

Mkuu, mwaga hayo maji. Mama ana kisukari mwaka wa 9, nyayo zina ganzi, usiku zinawaka moto, halafu unataka kumloweka miguu dakika 30 kwenye maji ya moto na chumvi ati "damu itembee"? Huyo muuza mitishamba aliyekutuma ni wale wale waliotuponza sisi wenye kisukari, na ukimrudia na kidonda atakwambia chumvi ilizidi. Usiniulize nimebaki na vidole vingapi vya mguu. Vya mkono vinatosha kuandikia.

Ganzi maana yake mishipa ya fahamu imeshaharibika. Maji yatakayokurusha wewe, yeye atayaita "vuguvugu tu, mwanangu". Ngozi inaungua bila yeye kujua, kesho lengelenge, keshokutwa limepasuka na anatembea nalo sokoni kwa sababu haliumi. Damu haifiki mguuni vizuri, na sukari ikiwa juu seli nyeupe zinapigana kivivu, basi usaha unachimba chini kwa chini hadi mfupani huku juu unaona kitundu tu. Hata maji yakiwa ya baridi, kuloweka kunalainisha ngozi kati ya vidole, inachanika, wadudu wanaingia.

Mpime leo hii. Afumbe macho, umguse kwa ncha ya kidole chako sekunde 1 hadi 2 bila kubonyeza: dole gumba, kidole cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Sehemu 6. Asipohisi 2 au zaidi, mpeleke kliniki, beseni liache.

Kuosha ni maji yasiyozidi nyuzi 37, upime wewe kwa kiwiko, siyo yeye kwa mguu. Kausha kati ya vidole. Mafuta paka nyayo na visigino tu. Kila jioni zigeuze nyayo uzitazame. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na asitembee peku hata ndani. Sugu usizikwangue kwa wembe wala kubandika plasta za kuziondoa, zina asidi. Ukiona lengelenge, wekundu, au mguu mmoja una joto kuliko mwenzake, kliniki ndani ya saa 24, na usinyunyizie kidonda unga wa kapsuli kabla ya kufika.

Kama anameza metformin, vile vidonge vya kisukari, miaka yote hiyo, omba apimwe vitamini B12; ikipungua nayo huleta ganzi.

Uliuliza pia macho na ugali? Macho apimwe kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Ugali... hebu kwanza, maji umeshamwaga?