Ukipangiwa stoo usinune

Mwangaluka wadau. Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu kanipigia simu analalamika, kamaliza mafunzo ya uanamaji jeshini, akili yake yote iko kwenye meli, halafu kapangiwa stoo ya vipuri. Nchi kavu, gati analiona dirishani. "Mjomba hii ni adhabu." Nikacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni, maana maneno hayo hayo mi niliyasema mwaka 1989 pale Kigamboni nilipotolewa melini, tena kwa sauti, na sajenti akayasikia.

Basi naandika kwa ajili yake na madogo wengine wanaowaza kazi hii. Nimetumikia miaka 22. Ukihesabu vizuri, melini nilikaa kama tisa tu, iliyobaki yote ni karakana, stoo, na kituo kimoja cha pwani chenye chumba, redio na mbu. Mtaani wakisikia mwanamaji wanadhani ulikuwa unalala baharini kila siku. Wapi.

Nilianzia kwenye boti za doria za Kichina, zile za Shanghai. Wanamaji wetu wa Tanzania walianza 1971 kwa msaada wa China na boti zile ndo zilikuwa shule ya wengi. Chini huko mna dizeli nne zimebanana, unapita ubavu ubavu, ukigusa bomba umeungua, na ukitoka zamu masikio yanalia hadi mwenzako akikuita humsikii. Kulikuwa na fundi mzee anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, anafumba macho, halafu anasema beringi hii haifiki Mtwara. Na kweli ilikuwa haifiki.

Ila meli haina muda wa kukueleza kitu kimekufa kwa nini, kimekufa unabadilisha mnaendelea na safari. Kwa nini yake niliikuta stoo. Vipuri vibovu vilikuwa vinarudi kwetu na mi nikaanza kuandika kwenye daftari la shule, tarehe, injini imetembea masaa mangapi, kipuri kimeharibika vipi. Mwanzoni ni uvivu tu wa kukaa, baadae ikawa ugonjwa. (Siongelei siri za kikosi jamani, boti inaenda wapi na lini hiyo usiandike popote, utajitafutia matatizo.)

Nilipostaafu nikarudi Mwanza, nikaenda kuomba kazi kwenye kampuni moja ya meli, sitaitaja. Kijana wa ofisini, mpole tu, akaniuliza mzee muda wako wa baharini uko wapi kwa maandishi, meli gani, kuanzia lini hadi lini, injini kilowati ngapi? Kumbe uraiani vyeti vya mainjinia wa meli vinagawanywa kwa nguvu ya mashine, kuna mpaka wa kilowati 750 na mwingine wa 3,000, ni mambo ya mkataba wa kimataifa unaoitwa STCW, wa tangu 1978. Mi mfukoni nina karatasi ya kustaafu, imesema tabia njema. Nilitoka pale natembea kwa miguu hadi Kirumba sijui hata nilipita wapi. Miaka tisa ya joto lile, hamna pa kuionyesha.

Kwa hiyo dogo, kila ukishuka melini, kabla hujabeba begi, andika jina la chombo, tarehe, aina ya injini, kazi uliyofanya, mkuu wako akusainie siku hiyo hiyo. Akishahama humpati, akishastaafu ndo kabisa. Na ulizia mapema Chuo cha Bahari pale Dar wanataka nini, usisubiri mpaka una mvi kama mimi.

Kiinua mgongo nacho kina hadithi yake. Nilinunua boti ya mbao na mashine ya kupachika, nikaiweka mwalo wa Igombe nibebe watu na mizigo. Nikajiona mi mtu wa bahari, ziwa ni nini bana? Wiki ya tatu narudi toka upande wa Ukerewe, gugumaji limeziba matundu ya kuvutia maji, kale kamchirizi ka maji ya kupoza mashine kanakotoka nyuma kakakata na mi nimeangalia mbele napiga stori na abiria. Mashine ikaganda. Wavuvi wa dagaa ndo walitukokota, na kijana mmoja akaniuliza, mzee si wanasema ulikuwa nevi?

Ziwa sio bahari ndogo. Maji ya bahari lita elfu moja ni kilo kama 1,025, ya ziwani ni 1,000, kwa hiyo kwa mzigo ule ule chombo huku kinakaa chini zaidi, na kwenye boti ya mbao iliyojaa hako kadogo ndo ubao wako wa mwisho. Halafu mawimbi ya Victoria yanakuja mafupi yamebanana, hayakupi nafasi ya kupumua. Habari ya kujaza watu sitaki hata kuisema, Mwanza tunaijua Mei 21, 1996 ilipozama MV Bukoba, na tukaijua tena Ukara 2018 ilipozama MV Nyerere.

Ile mashine ilikaa uani miezi miwili. Siku moja nikafungua daftari langu nikakuta nimeandika 1991: impela, mpira umeungua, mabawa yote yapo, pampu imezunguka bila maji. Impela ni kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu kinachosukuma maji ya kupoza mashine, na hiki ni kifo kile kile. Impela iliyokufa kwa uzee inakatika mabawa, iliyokosa maji inaungua. Nikaifungua mwenyewe ikawaka, jirani akaleta yake, na sasa nina kibanda karibu na mwaloni Kirumba, mashine hazikauki mlangoni.

Nikamuuliza mpwa wangu, huko stoo impela mbovu mnapeleka wapi? Akasema kuna pipa, tunatupa. Nikamwambia kesho limwage hilo pipa chini, uniambie zilizoungua ngapi, zilizokatika ngapi.

Juzi katuma picha. Kazipanga kumi na nne juu ya gazeti, na pembeni kuna daftari jipya.