Shangazi, sufuria ilikuwa ya mama mkwe

*Shangazi, shikamoo. Nina mwaka sasa napaka rangi hariri nyumbani. Wifi yangu alipotimiza miaka 30 nilimtengenezea mtandio wa buluu na zambarau, nikauviringisha kwenye karatasi na kuufukiza kwa mvuke dakika 30, ili rangi ishike, katika sufuria kubwa ya mama mkwe, mwenyewe akiwa hayupo. Ulitoka na miduara ya maji, nikasema ndiyo urembo wenyewe. Sikuufua, nikiogopa kuupunguzia mng'ao. Siku ya kwanza alipouvaa, jasho liliihamishia zambarau kwenye blauzi yake nyeupe. Sasa hanisemeshi, anadai nilikusudia kumwaibisha. Mama mkwe naye aliuliza kwa nini sufuria yake inanuka siki, nikajibu sijui. Nitauokoaje mtandio? – Mikono ya Zambarau*

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza habari za mtandio, lakini mimi nimekwama kwenye sufuria. Umeipitia kwa haraka, kama mtu anayepitisha mzigo usiku.

Bado inapikiwa? Basi iondoe leo. Chombo kilichoingia kazi ya rangi za nguo hakirudi kwenye chakula, hata ukisugue mpaka kimeremete. Sisemi kuna mtu ataugua. Kilichodondoka huenda kilikuwa kidogo sana. Lakini rangi zile hazikutengenezwa ziliwe, na wa kuamua kama abahatishe ni mwenye tumbo, si wewe. Nunua nyingine ya ukubwa uleule, umpelekee mwenyewe, na kabla hajaipokea umwambie, "Mama, ile siki ilikuwa yangu." Usimtume mumeo. Ile kuukuu ibaki nawe, pamoja na mfuniko wake, iwe ya rangi tu.

Tuje kwa wifi. Namwamini anapolalamika, nawe nakuamini kwamba hukukusudia. Kosa lako ni kumpa kitu ambacho hakijamalizika. Hariri ni protini, kama sufu na kama nywele zako, na rangi za asidi huishika kwa msaada wa siki na joto la mvuke. Hata kazi ikienda vizuri, huwa kuna rangi ya ziada iliyokaa juu juu bila kushika. Hiyo hutolewa kwa kuosha, na wewe uliiacha imsubiri wifi atoke jasho. Huo mng'ao uliouogopea ni wa uzi wenyewe. Kuosha kwa maji ya baridi na sabuni laini hakuuondoi.

Halafu zile dakika 30. Ulianza kuzihesabu lini? Wengi huanza pale wanapowasha jiko, maji yakiwa bado baridi. Hesabu tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu, na kifurushi kinene kipe saa nzima au zaidi, kwa sababu joto huchelewa kufika katikati. Soma pia maelezo ya chupa, maana zipo rangi za hariri zinazotaka pasi tu, na hizo ungezifukiza bure.

Ile miduara, mwanangu, si urembo. Ni matone kutoka kwenye mfuniko. Mvuke ukigusa bati huwa maji, na maji yakidondokea hariri husukuma rangi pembeni kabla haijashika. Mara ijayo funga mfuniko kwa taulo nene linyonye matone, ncha zake uzikunje juu mbali na moto. Kifurushi kifunike kwa foili kama paa, bila kukibana. Kikae juu ya chungio au kopo, na maji ya chini yawe ya vidole viwili tu, yasikirukie yakichemka. Chungulia yasikauke. Hariri yenyewe isigusane popote. Kila mzunguko utenganishwe kwa karatasi nyeupe isiyochapwa, maana wino wa gazeti nao hupenda safari. Kama ulinyunyizia chumvi kupata maua, ikung'ute yote kwanza, kwani hunyonya unyevu na kuacha doa. Na usinijaribie sufuria ya presha. Karatasi ikiziba tundu lake, hatutazungumza tena habari za mitandio.

Mtandio wa sasa unaokoleka nusu. Uviringishe upya ukiwa mkavu, uufukize saa nzima, uuache upoe kabisa, kisha uuoshe mpaka maji yatoke safi. Upige pasi ukiwa na unyevunyevu. Miduara haitafutika, unaweza kuifunika kwa rangi nzito zaidi, zambarau iliyokolea kwa mfano, lakini muulize kwanza mwenye mtandio.

Blauzi iombe uifue wewe. Kama ni ya pamba, una bahati, kwa sababu rangi za asidi hazishikani na pamba vizuri. Iloweke kwenye maji ya baridi yenye sabuni, ubadilishe maji mara kadhaa, na isiguswe na pasi wala maji ya moto mpaka doa liishe. Ikigoma, mnunulie nyingine bila mjadala.

Ukimwendea, usianze na maelezo ya protini. Mwambie, "Nilikupa kabla sijaufua, samahani." Akilainika, mwalike siku ya kufukiza upya, umkabidhi saa ahesabu yeye. Lakini anza na mama mkwe, kabla sufuria haijapanda jikoni jioni hii, kisha uniandikie alivyosema.