Injini inavuja oili: kabla hujanunua nyingine, fungua kifuniko cha oili

Mkuu, umesema gari lako limeshatembea kilomita 210,000, linadondosha oili kila linapolala, unaongeza kama nusu lita kwa mwezi, na fundi kakwambia usihangaike, tafuta injini nyingine. Huenda yuko sahihi. Ila katika maelezo yako yote sijaona mahali aliposema inavujia wapi, wala kama alipima kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Bila hayo mawili, hiyo ni ramli tu.

Mimi yameshanikuta ya pande zote mbili, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Gari langu la kwanza lilikuwa limelowa nyuma yote ya injini. Nikisimama kwenye foleni nasikia harufu ya oili inayoungulia kwenye ekzosti. Fundi akaingia uvunguni na tochi, akatoka na hukumu: sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma) imekufa, na kwa umri wa injini hii badilisha yote. Nilikataa kwa sababu moja tu, sikuwa na hela. Nikamwomba tuioshe kwanza. Tukaiosha, nikaliendesha siku mbili, tukamulika tena. Oili ilikuwa inaanzia juu kabisa, kwenye gasketi ya kava ya tapeti, lile kava la juu ya injini. Inateremka nyuma ya bloku, upepo unaisukuma, inakwenda kukusanyika pale injini inapoungana na gia boksi, ambapo kila mtu anaona "sili ya krenki". Ile gasketi ilipotoka ilikuwa ngumu kama plastiki, ukiikunja inakatika. Tulimaliza kabla ya mchana. Oili hushuka na kurudi nyuma, kwa hiyo chanzo kitafute juu na mbele ya pale unapoona tope.

Gari la pili nikaingia na kiburi cha ushindi. Safari hii ilikuwa sili ya nyuma ya krenki kweli, na kuifikia lazima gia boksi ishuke. Tukashusha, tukabadilisha. Miezi miwili, inavuja. Nikamlaumu fundi, nikailaumu sili feki, nikanunua orijino, gia boksi ikashuka tena. Ikavuja tena.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mmoja ambaye hata chini hakulala. Alisema niwashe, tukasubiri injini ipate moto. Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akakilaza juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikawa kinarukaruka kama kifuniko cha sufuria inayochemka, na moshi unatoka kwa mipumuo, puh, puh, puh. Kutikisika kidogo ni kawaida, lakini hiki kilitaka kuondoka.

Akanieleza: ringi za pistoni zikichoka, gesi ya mlipuko inapenya kushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Kuna valvu ndogo, PCV, kazi yake ni kuivuta hiyo gesi irudi ikaungue. Valvu ikiziba, au gesi ikizidi uwezo wake, presha inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye sili. Wahenga walisema ziba ufa. Mimi nilikuwa naziba ufa huku kuna mtu ndani anausukuma ukuta. Tukabadilisha valvu kwanza, maana ni rahisi na mara nyingi kesi huishia hapo. Kifuniko kikaendelea kucheza.

Ndipo akapima kompresheni: injini ya moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Silinda tatu zilisoma psi 160 na kitu, moja ikasoma 95. Akadondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi la hiyo moja, akapima tena, ikapanda hadi 140. Hizo ni ringi, maana oili imeziba mwanya wake kwa muda. Isingepanda, angeshuku valvu za silinda au gasketi ya hedi. Kazi yote haikuchukua saa moja, na mimi nilikuwa nimeshashusha gia boksi mara mbili.

Nikabadilisha injini, ya mtumba. Hapo usikubali mbuzi kwenye gunia: ipimwe kompresheni kabla hujalipa, na ikiwa bado haijafungwa kwenye gari weka sili mpya za krenki mbele na nyuma, pampu ya maji, na belti ya taimingi kama inatumia belti. Ikishafungwa, sili hiyohiyo itakudai gia boksi upya. Na kama namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kaibadilishe mapema.

Kwako sasa. Kifuniko kikitulia, kompresheni ya silinda zote ikilingana, na moshi usiwe wa bluu, kilomita 210,000 zisikutishe; badilisha gasketi uendelee na safari. Kama oili inadondokea ekzosti usingoje hata wiki, moto huanzia hapo. Kama imegeuka nyeupe na nzito kama losheni, mara nyingi hiyo ni kolanti (maji ya kupozea injini) imeingia, zima gari usiliendeshe. Dawa za chupa za kuzuia kuvuja huvimbisha mpira wa sili kwa muda, nilizitumia, sirudii.

Osha injini, endesha siku mbili, halafu leta picha ya nyuma ya bloku na namba za silinda zote nne. Fundi akikataa kupima, tafuta mwingine mwenye geji.