Mashine ya santuri: mkono wa kawaida au wa tanjenti?

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza uchukue ipi kati ya mashine mbili ulizoziona kwenye duka la mitumba hapa Unguja: Dual 1219 ya Kijerumani, yenye mkono wa kawaida (ule unaobeba sindano) unaozunguka kwenye mhimili wake, au Technics SL-10 iliyotoka Japani, ambayo mkono wake wa tanjenti umo ndani ya kifuniko. Umesema nyumbani kuna sahani za bibi, zile nzito zinazovunjika, na LP kadhaa za Misri, yaani zile sahani za plastiki zinazocheza muda mrefu. Aina zote mbili nimezimiliki na watu huniletea niwatengenezee, basi nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe.

Chukua Dual. Lakini usiichukue kwa sababu ya wanaokwambia kuwa tanjenti ni urembo tu, maana hilo si kweli. Sahani mama inapokatwa kiwandani, kisu husafiri mstari mnyoofu kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mkono wa tanjenti unapita njia hiyohiyo. Mkono wa mhimili unachora tao, kwa hiyo sindano inakaa sawasawa na mchirizi mahali pawili tu kwenye sahani nzima. Kwengine kote inakuwa imekwenda upande kidogo, hadi digrii 2 hivi hata ukiifunga vizuri. Tena kichwa chake, kile kinachoshika sindano, kimewekwa kwa kupinda, na msuguano wa sahani huuvuta mkono kuelekea ndani. Ndiyo maana mashine hizi zina kifaa cha kuuzuia usivutike.

Je, sikio linasikia? Linasikia, na linasikia mwisho wa upande. Kule ndani mchirizi unapita chini ya sindano kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya ukingoni, sauti zimebanana, na kosa dogo linajitokeza. Weka LP ya Umm Kulthum, ambaye wimbo wake mmoja unaweza kujaza upande mzima. Pale mwisho, anapokuwa amepanda na ukumbi wote umepagawa, sikiliza sini na shini zake. Kwenye mkono wa kawaida uliofungwa ovyo zinachanika. Kwenye tanjenti nzima zinatoka safi, kama zilivyokuwa mwanzo wa sahani. Mimi hilo nalipenda mno, na sitamwambia mtu kuwa halipo.

Ila hiyo tanjenti iwe nzima, na hapa ndipo visiwa vyetu vinapoingia. Mkono wa SL-10 hausukumwi na sahani. Ndani mna kijicho cha mwanga kinachotambua kuwa mkono umeanza kupinda, kisha mota ndogo inausogeza, unapinda tena, inausogeza tena. Mota hiyo inavuta kwa mkanda mwembamba wa mpira. Mashine za namna hii zilizokaa miaka karibu na bahari ukizifungua utakuta mkanda umeyeyuka ukawa lami nyeusi, umeganda kwenye puli, ukiugusa haukutoki kidoleni. Inabidi usafishe kwa spiriti na pamba iliyozungushwa kwenye njiti, mifereji ya puli moja moja. Halafu unakuta miguu ya vipande vya umeme imeota kutu ya kijani. Na mkono ukigoma umegoma, huwezi kuushika ukauweka kwenye sahani kwa mkono wako.

Dual nayo ina ugonjwa wake: grisi ya zamani hukauka ikawa gundi, mashine ikakataa kuinua mkono au kubadilisha kasi. Huo anautibu fundi yeyote mwenye subira, spiriti na mafuta ya cherehani.

Umeme: Technics iliyotengenezewa soko la Japani ni ya volti 100, na hiyo utahitaji transfoma, na usiichomeke hata mara moja bila hiyo. Ya Ujerumani kwa kawaida inakubaliana na umeme wetu wa hezi 50.

Lakini hata haya yote yangekuwa sawa, sahani za bibi zingeamua. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya sahani ya HMV, na sahani za zama hizo huzunguka mara 78 kwa dakika. SL-10 ina 33 na 45 tu. Dual 1219 ina zote tatu. Tena mchirizi wa sahani hizo ni mpana. Sindano ya LP inazama mpaka chini na kukusomea vumbi badala ya sauti. Kichwa cha SL-10 ni cha kuchomeka, kimewekewa uzito wa gramu 1.25, hakuna pa kuongeza. Kwenye Dual unafunga kichwa cha Audio-Technica VM95, unanunua sindano mbili, E kwa LP na SP kwa 78, unabadilisha kwa vidole. Ile ya SP inataka kama gramu 5, usisahau kurudisha uzito ukiweka LP.

Ungekuwa na LP peke yake ningekwambia SL-10, hasa kwa sababu kifuniko chake kinaibana sahani iliyopinda kwa joto ikalala.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiache Dual icheze upande mzima na mkono urudi wenyewe. Usikubali akuonyeshe sinia, lile linalobeba sahani, linazunguka tu. Ukishalipa, toa sinia uliviringe peke yake, chomoa ule uzito wa nyuma ya mkono, ufunge mkono kwenye kishikio chake, kaza skrubu za usafiri, na ndani ya boti ya Pemba uipakate mwenyewe. Usiwape wapakizi.