Fundi wa CNC anajibu: Matundu yamehama, tena si duara

SWALI: Salaam fundi. Nina kimashine changu cha CNC (kinachoongozwa na kompyuta) cha kuchongea mbao, kile cha belti, nimekiunga mwenyewe na kontrola yake inatumia GRBL, ile programu inayogeuza amri kuwa mwendo wa mota. Nataka kutoboa mbao za pembeni za kabati, yale matundu ya pini za kubebea shelfu, kila tundu 5mm na nafasi 32mm kati kwa kati, yako 11 kwenye mstari kwa hiyo la kwanza hadi la mwisho inatakiwa iwe 320mm. Mwanzoni niliona nikiiambia mashine isogee 20mm inasogea 19.8 hivi, nikapandisha stepu za X (mwendo wa kushoto kulia) kwa kila milimita kutoka 40 mpaka 40.4, nikapima tena ile 20 ikatoka 20 safi nikafurahi. Sasa mstari wangu unaishia 323 na ushee! Alafu matundu yenyewe yana umbo la yai, pini zingine haziingii kabisa. Mota ya X nimeshabadilisha, hali ni ileile. Ninunue kontrola nyingine?

JIBU: Kontrola iache ilivyo, na mota usinunue tena. Rudisha 40 yako kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Hiyo 40 haikutoka hewani. Mota za stepa za kawaida zinapiga stepu 200 kwa mzunguko mmoja, draiva inayoendesha mota ikigawanya kila stepu mara 8 unapata 1600, na puli ya meno 20 ikibeba belti ya meno ya 2mm inavuta 40mm kwa mzunguko, sasa gawa 1600 kwa 40 uone. Kama puli na belti zako ni hizo, namba ni 40 na ukija kuirekebisha utagusa pointi ndogo sana huko mbele, wewe umeipandisha asilimia moja nzima! Na asilimia moja ya 320 ni 3.2, ndo hiyo 323 na ushee unayoiona. Maana yake nini? Maana yake kwenye 40 mstari ungekaa sawa tangu mwanzo, mashine ilikuwa inahesabu vizuri tu.

Sasa ile 0.2 iliyopungua ilienda wapi. Hiyo ni plei, yaani ulegevu. Mota inageuza upande, inazunguka kidogo kwanza kumeza ulegevu ndo kichwa kinaanza kwenda, na hicho kipande kinachopotea hakijali umesogea 20 au 300, kinapotea kilekile kila unapogeuza. Stepu zikiwa na kosa mambo ni tofauti, hapo kosa linakua na safari, ukipoteza 0.2 kwenye 20 basi kwenye 100 utapoteza 1 na kwenye 300 utapoteza 3. Kwa hiyo ukitaka kugusa ile setingi ya stepu, $100 ya X au $101 ya Y (mwendo wa mbele nyuma), pima safari ndefu kadri meza yako inavyoruhusu, na kabla ya kuanza kupima sogeza kwanza kidogo kuelekea upande uleule unaokwenda ili plei iwe imeshaliwa. Alafu stepu mpya ni stepu za zamani mara umbali ulioagiza gawanya kwa umbali uliopata. Watu wengi wanakalibresha kwa 20mm au 50mm kwa sababu ndo kalipa (kipimio cha midomo) inapofika vizuri, wanaishia kuchanganya ulegevu na hesabu, na hapo hakuna setingi itakayokuokoa maana ukirekebisha safari fupi unaharibu ndefu.

Ulegevu utautafuta kwa mikono. Zima mashine, shika biti pale kwenye koleti (kibanio chake), itikise kushoto kulia alafu mbele nyuma huku jicho liko kwenye puli na magurudumu. Anza na vile viskrubu vidogo vinavyobana puli kwenye shafti ya mota, kimoja kinatakiwa kikalie ule upande bapa wa shafti, na mi nikiletewa mashine ya belti yenye matundu yaliyohama napeleka mkono hapo kabla ya kufungua hata laptopu. Kisha belti yenyewe, ivutike vizuri bila kuning'inia ila usiivute mpaka inapinda shafti. Kisha magurudumu, zile nati zenye tundu la pembeni ndo zinayabana kwenye reli, ukizungusha gurudumu kwa kidole liwe na ugumu kidogo lakini lizunguke. Na usisahau kubana kile kishikio cha ruta (mota inayozungusha biti), kikilegea hapo huko chini hata ukibana vipi ni kazi bure.

Ukitaka kujua plei imebaki kiasi gani weka biti yenye ncha kali, peleka X mpaka 100 ukitokea kushoto, kwaruza kamstari, nenda 150, rudi 100, kwaruza kengine pembeni yake. Vimistari vikipishana, huko kupishana ndo plei yako. GRBL ya kawaida haina setingi ya kufidia kitu hicho, lazima chuma kibanwe. Kinachobaki unakikwepa kwa kufanya kila tundu lifikiwe kutoka upande mmoja, na hapa angalia programu yako inavyopanga njia maana nyingi zinataka kufupisha safari, zinaenda zigizaga, tundu moja linafikiwa kutoka kushoto na linalofuata kutoka kulia, unapata mstari umeyumbayumba na ukipima moja moja huelewi kwa nini.

Hilo yai ni plei hiyohiyo. Biti ya 3mm inapozunguka kutengeneza tundu la 5mm inageuza upande mara mbili kwa kila mhimili, yaani X na Y, na mhimili wenye ulegevu unakwenda pungufu, kwa hiyo mara nyingi tundu linakuwa jembamba upande wa mhimili uliolegea. Pima upana wa tundu kwenye X na kwenye Y, penye kupungua ndo pa kubana.

Likishakuwa duara na bado halina saizi, hiyo habari nyingine. Pima biti yako kwa kalipa, sana sana kama ulinunua ukiambiwa ni ya 3mm, nyingi za aina hiyo ni za inchi moja ya nane yaani 3.175, na ukiiandikia programu 3 tundu lako la 5 linatoka karibu 5.18, pini zinacheza. Likizidi na biti umeandika sawa, fungua koleti uisafishe, vumbi likikaa mle biti inazunguka ikiyumba na inakata upana kuliko wake. Likipungua kidogo, biti nyembamba inajipinda ikisukumwa na mbao, acha 0.2 ya pembeni alafu ipitie mara ya mwisho taratibu.

Na kupima penyewe: kalipa ndani ya tundu dogo inasoma pungufu kwa sababu midomo yake ina ubapa, haikai kwenye upana kamili. Tumia shina la biti unayoijua saizi, liingie au ligome. Umbali kati ya matundu mawili usikisie katikati, pima ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine, kama yana saizi moja hiyo ndo kati kwa kati. Majaribio yote fanya kwenye MDF, haina nyuzi za kukuvuruga.

SWALI: Fundi mi nimeamua kutumia biti ya drili kabisa, 5mm, nimeifunga kwenye ruta ya CNC. Matundu yanaungua, mengine yanatokea pembeni ya alama, na nikiweka jikodi (amri za mashine) ya kutoboa kwa kudonoa kontrola inagoma inaandika error 20. Biti mbovu?

JIBU: Biti haina shida, umeiweka mahali pabaya. Ruta nyingi ndogo spidi yake ya chini kabisa ni kama mizunguko 10,000 kwa dakika, na biti ya drili ya kawaida haikutengenezwa kwa mwendo huo, inasugua badala ya kukata ndo unaona moshi, na ikiwa ndefu ikaanza kujipinda ni hatari kwako pia, kaa mbali nayo. Kuhama pembeni ni mambo ya mbao yenyewe, nyuzi zina mistari migumu na milaini, ncha ikitua kwenye mgumu inateleza kuelekea mlaini kabla haijauma. Biti za mbao zenye kimsumari katikati zinasaidia sana lakini hata hizo hazitaki spidi hiyo.

Error 20 ni GRBL kukwambia amri hiyo haiijui. Amri za kudonoa, G81 na G83, hazimo mle, kwa hiyo kwenye programu chagua posti ya GRBL (kile kipengele kinachoandika jikodi ya kontrola yako), yenyewe itavunja ule mdonoo kuwa amri za kawaida za kushuka na kupanda. Ila ushauri wangu achana na drili, weka biti ya kuchongea iliyo nyembamba kuliko tundu, iende ikizunguka na kushuka kama ngazi ya mviringo. Chagua inayotoa vumbi juu, ile inayosukuma chini inashindilia vumbi ndani ya tundu na utarudi kwenye kuungua.

SWALI: Umbali kwenye X sawa, kwenye Y sawa, ila nikiweka ubao wa pili juu ya wa kwanza nikiwa nimeugeuza, matundu hayakutani. Kwa nini?

JIBU: Mashine yako haina skwea, yaani X na Y hazijakutana kwa pembe mraba. Toboa matundu matatu, moja kona, jingine 300 kwenye X, jingine 400 kwenye Y, alafu pima mshazari kati ya hayo mawili ya mwisho, inatakiwa 500 kamili. Ikizidi au ikipungua daraja, ile boriti inayobeba ruta, limekaa upande. Kama Y ina mota mbili, zima umeme, sukuma daraja kwa mkono mpaka pande zote mbili ziguse vizuizi vya mwisho, washa likiwa hapo hapo, toboa tena upime. Bado? Basi kizuizi kimoja kimewahi mwenzake, weka kipande cha plastiki au karatasi ngumu kwenye upande unaohitaji, kidogo kidogo, mpaka 500 itoke.