Maswali ya Wasomaji: Mota yangu ina kasi, mbona inapata moto?

SWALI: Wahariri, salamu. Niko Senior 3, natayarisha mota ya maonyesho ya sayansi. Nimesokota koili ya mizunguko 20, kipenyo sentimita 3, kwa waya wa shaba wa milimita 0.5. Chini yake kuna sumaku moja, na ncha moja ya waya nimeikwangua vanishi nusu tu. Betri ni ya volti 1.5. Inazunguka kasi sana, lakini waya unapata moto na betri haikai. Mwalimu anasema majaji watauliza ufanisi. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Tororo

JIBU: Mwanetu, kasi si ufanisi. Ufanisi ni sehemu ya nishati ya betri inayogeuka kuwa kazi. Mota isiyobeba mzigo, hata ivume vipi, ufanisi wake ni sifuri.

Waya wako una urefu wa karibu mita 1.9 tu, na ukinzani wake haufiki omu 0.2. Hapo betri ni kama imepigwa shoti: nguvu nyingi inageuka joto ndani ya betri yenyewe na kwenye maungio. Sokota mizunguko 100 ya waya wa milimita 0.3. Ukinzani utapita omu 2 kidogo, na mkondo hautafika ampea 0.7 hata mota ikikwama. Mafundi wa kusuka mota huwa na mabaki ya waya huo. Usichukue ulioungua, kwani vanishi yake imekufa na mizunguko itagusana.

Weka sumaku mbili, moja kila upande, N ikitazama S, zikiachana na koili milimita 2 hivi. Ukizigeuza N kwa N, mota haitasonga. Nyuma yake ziunganishe kwa kipande cha chuma kilichokunjwa. Huongeza nguvu ya sumaku bila gharama.

Kukwangua nusu kunaisukuma koili nusu ya mzunguko tu, ilhali msuguano unaivuta nyuma muda wote. Ili isukumwe mzunguko mzima, tumia spoku ya baiskeli iwe mhimili, uivishe kipande cha mrija wa kalamu, kisha gundisha juu yake vipande viwili vya shaba, kila kimoja kikiungwa na ncha yake ya koili. Hapa ndipo wengi hukwama: pengo kati ya vipande liwe pana kuliko ncha ya brashi (waya wa betri unaogusa vipande hivyo vikizunguka), la sivyo brashi itagusa vyote viwili na betri itapiga shoti. Brashi ikikaza sana, mota inalemewa. Ikilegea, inatoa cheche.

Sasa pima. Funga uzi kwenye spoku, inua gramu 20 kwa nusu mita: hiyo ni kazi ya jouli 0.098. Tuseme imechukua sekunde 4 kwa volti 1.3 na ampea 0.4, umetumia jouli 2.08. Ufanisi ni karibu asilimia 5. Usivunjike moyo, mota za kutengeneza kwa mkono ndivyo zilivyo. Rudia kwa gramu 5, 10 na 30, uchore grafu; mchoro huo una uzito kwa majaji kuliko kasi yoyote. Volti uzisome kwenye brashi mota ikiwa imebeba mzigo, si za betri iliyopumzika.