Corsica hadi Sardinia: huna haja ya kurudi bara

Umeuliza kama, ukitoka Corsica (kisiwa cha Ufaransa) kwenda Sardinia (kisiwa cha Italia), lazima urudi bara kwanza. Hapana ndugu, usirudi bandari za bara kama Nice (Ufaransa) wala Livorno (Italia). Kuna feri ya moja kwa moja kutoka Bonifacio, kusini kabisa mwa Corsica, hadi Santa Teresa Gallura, kaskazini mwa Sardinia. Safari ni kama saa moja tu, maana mlangobahari wenyewe una upana wa takriban kilomita 12 pale penye wembamba. Nimevuka hapo mwenyewe. Feri hubeba abiria wa miguu na magari, na inapotoka Bonifacio hupita kwenye hori jembamba lenye majabali meupe ya chokaa pande zote, kwa hiyo panda sitaha ya juu mapema.

Ila chunga upepo. Ule wa kaskazini-magharibi, mistral, unabanwa katikati ya visiwa hivyo viwili na kuvuma kwa nguvu sana, na ukichachamaa safari zinafutwa. Tafadhali usipange kuvuka siku ileile ya ndege yako kutoka Olbia, mji wa Sardinia wenye uwanja wa ndege. Lala Sardinia angalau usiku mmoja kwanza. Kiangazi safari ni nyingi, majira ya baridi hupungua sana, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kulipia hoteli.

Viza moja ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja) inatosha, kwani Ufaransa na Italia zote zimo, lakini pasipoti uwe nayo mkononi. Kama gari ni la kukodi, omba ruhusa ya maandishi kwanza, maana makampuni mengi hayakubali livushwe baharini.